Niliyemficha siri ndiye aliyenisemea hospitalini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39. Miezi 14 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi, ambao tumbo hukatwa kikabaki kijifuko kidogo, kisha utumbo ukapandishwa na kuungwa hapo. Nilikuwa na kilo 121. Leo nina kilo 80. Magoti hayaniumi, ngazi napanda bila kusimama katikati, na usiku sikoromi tena hadi mume wangu aniamshe kwa hofu. Sijajuta hata siku moja.

Wanaojua ni wachache mno: mume wangu, mama yangu mzazi, na waliokuwa kwenye chumba cha upasuaji. Wengine wote niliwaambia nimetolewa mawe ya nyongo. Nilipoanza kupungua, wenzangu kazini wakasema ni mazoezi, nikanyamaza. Baadaye wakaniomba ratiba yangu ya kutembea, nikawapa. Ratiba ni ya kweli na kutembea natembea kweli, lakini unajua ninachosema, Shangazi.

Siku niliyoruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alinishauri nitafute bangili ya utambulisho wa kitabibu, ile inayochorwa taarifa za mgonjwa ili akipoteza fahamu wajue pa kuanzia. Nikanunua ya chuma, yenye kibati chenye alama ya fimbo na nyoka. Niliivaa kama miezi miwili. Mkono ukapungua, bangili ikawa inateleza hadi kwenye vidole, nikifua inataka kutoka. Halafu wifi yangu akaja kututembelea. Alinishika mkono akaigeuza, akaniambia mbele ya watu, "Wifi, hizi si wanavaa wagonjwa? Unaumwa nini ambacho sisi hatuambiwi?" Nilivuta mkono nikasema ni pambo tu. Usiku ule nikaiweka kwenye droo, na haijatoka.

Sasa kilichonipata. Wiki 6 zilizopita tulikuwa na hafla fupi kazini ya kumuaga mwenzetu. Nilikula keki na kunywa kinywaji kitamu, zaidi ya ninavyoruhusiwa. Kama saa mbili baadaye nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Nikaanguka na kugonga kichwa kwenye kona ya meza. Nilipoanza kuzinduka nilikuwa kwenye kitanda cha wagonjwa wa dharura, dripu mkononi, na rafiki yangu wa kazini amesimama pembeni. Nilimsikia kwa mbali akimjibu daktari: "Hana ugonjwa wowote. Hajafanyiwa upasuaji zaidi ya mawe ya nyongo. Huyu ni mtu wa mazoezi." Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Wakanichoma sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya kichwa na bega. Ile dawa ndiyo ya kwanza kwenye orodha niliyopewa ya vitu nisivyopaswa kutumia maisha yangu yote. Nilipoweza kuongea, ilishaingia.

Sijaona madhara mpaka leo, lakini usingizi umenipotea. Nimemwambia mume wangu nataka kurudisha bangili. Yeye anasema mwaka umeshapita na ndani nimeshapona, taarifa zangu anazo yeye na nyingine ziko kwenye simu, kwa hiyo bangili itatuletea maswali tu. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Ndiye aliyeniogesha wiki ya kwanza nilipokuwa siwezi kuinama.

Naomba unisaidie. Baada ya mwaka mzima bado kuna haja? Ile ya kwanza niliandika neno moja tu, BAIPASI, na juzi nimesikia neno hilo linaweza kueleweka kuwa ni upasuaji wa moyo. Niandike nini basi? Na nitaivaaje bila kumweleza kila mtu habari za tumbo langu? Huyu rafiki yangu, nimwambie?

Ni mimi, mwenye bangili kwenye droo.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye sauti ya rafiki yako akimjibu daktari. Nitafika hapo. Lakini liko jambo linalotangulia bangili.

Umezimia, na hukuniambia kama umerudi kwa waliokupasua kuwaeleza. Kama bado, nenda wiki hii. Kutetemeka, jasho na giza la macho saa mbili baada ya kitu kitamu ni dalili zinazofanana sana na sukari kushuka ghafla, jambo linalowapata baadhi ya watu waliofanyiwa baipasi, kwa kawaida kati ya saa 1 na 3 baada ya kula, na mara nyingi hujitokeza baada ya mwaka wa kwanza kupita. Sukari huteremka kwenye utumbo kwa haraka mno, mwili ukashtuka na kumwaga insulini kuliko inayohitajika, kisha sukari ya damu ikaporomoka. Iko namna ya kula inayosaidia, na zipo dawa kama kula peke yake hakutoshi. Ila mtu aliyeanguka hadi kugonga kichwa anapaswa kupimwa, si kushauriwa kwa barua. Na usiendeshe gari mpaka wakuone.

Waeleze pia habari ya ile sindano. Wengi hudhani kwamba dawa ikipita kwenye msuli badala ya mdomoni, tumbo limesalimika. Sivyo. Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni na ndugu zao hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo zikiwa ndani ya damu, kwa hiyo hatari inabaki hata dawa ikiingia kwa sindano. Kwako wewe mahali dhaifu ni pale kijifuko kilipoungwa na utumbo. Hapo ndipo vidonda hupenda kutokea. Dozi moja mara nyingi hupita salama, na wiki 6 bila maumivu ni habari njema. Lakini ukisikia kuchomachoma chini ya kifua, ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, kama wengi wenu mnavyotakiwa, navyo hutia choo weusi. Usikae nyumbani ukikisia ni kipi. Waache wao wapime.

Sasa rafiki yako.

Hakudanganya. Alisema anachokijua, na anachokijua ni kile ulichompa. Daktari naye alifanya lililompasa: aliuliza. Akatazama akamwona mwanamke mwenye umbo la kawaida, anayesifiwa kwa mazoezi. Hata kama alikufunua tumbo, angeona vikovu vichache vidogo, na vikovu vya baipasi ya siku hizi, inayofanywa kwa matundu madogo na kamera, havitofautiani sana na vya mtu aliyetolewa mawe ya nyongo. Siri yako ilipangwa vizuri kiasi kwamba hata ngozi yako iliithibitisha. Sikusemi kwa ubaya, mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha dharura miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na hili ndilo linalonitia hofu kuhusu upasuaji huu kuliko mengine yote: kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyojificha. Kilo 41 zikiondoka, zinaondoka na kila ishara ambayo ingemfanya mtu aulize, "Hivi huyu hajawahi kupasuliwa tumbo?"

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Ndiyo, haja ipo, na mume wako anachanganya vitu viwili. Kidonda kimepona, umbo la ndani halikurudi lilivyokuwa, na halitarudi. Kijifuko chako kilipokatwa kilikuwa na ujazo wa kama mililita 30, kadiri ya vijiko viwili vikubwa vya mezani. Tumbo lako lote lililobaki bado limo humo, limefungwa pembeni, chakula hakipiti tena. Haya hayana mwaka mmoja wala kumi.

Nikueleze yanamaanisha nini mgonjwa akiwa hasemi. Kuna mpira wa puani, ule unaopitishwa hadi tumboni kumtoa mgonjwa uchafu au kumlisha. Muuguzi hujifunza kuusukuma mpaka kipimo fulani, akitegemea kwamba huko chini kuna tumbo kubwa la kuupokea. Kwako hakuna. Mpira unaosukumwa kwa mazoea unaweza kugonga ukuta wa kijifuko au kutoboa mahali palipoungwa. Hatari ya hilo ni kubwa zaidi wiki za mwanzo, na hapa mume wako ana nusu ya ukweli, maana mshono ukishakomaa hatari hupungua. Hata hivyo, hadi leo ukihitaji mpira huo, inafaa upitishwe na anayejua umbo lako, kwa msaada wa kamera au picha za eksirei.

Lakini liko jambo jingine ambalo muda unaliongezea nguvu. Mafuta yanayojaza katikati ya mikunjo ya utumbo huyeyuka pamoja na mafuta mengine. Yakipungua, nafasi zilizoachwa na upasuaji hupanuka, na kipande cha utumbo kinaweza kuchomoza humo, kikanaswa na kujinyonga. Hutokea miezi au hata miaka baadaye, kwa mtu aliyeshajiona mzima kabisa. Maumivu huja makali, hutulia, hurudi, hasa baada ya kula. Daktari asiyejua una baipasi anaweza kukutibu tumbo la kawaida na kukurudisha nyumbani, na utumbo uliokosa damu hauna subira ya siku mbili. Anayejua humwita daktari wa upasuaji mapema. Hili ndilo lingenitosha mimi kuvaa bangili hata kama mengine yote yasingekuwepo.

Kwa wasomaji wengine: aliyekatwa tumbo likabaki kama mrija mwembamba, bila utumbo kuungwa upya, hoja hizi hazimgusi kwa uzito uleule, ingawa miezi ya mwanzo naye sehemu yake iliyoshonwa haitaki kusukumwa mipira ovyo. Mwenye mkanda uliofungwa juu ya tumbo ana kifaa mwilini, na hilo peke yake latosha kuandikwa.

Sasa maandishi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe mara nyingi ni la kuandika mengi, si machache.

Umeona mwenyewe tatizo la neno BAIPASI peke yake. Mtu amezimia, jasho linamtoka, bangili inasema baipasi: wa kwanza kuisoma atafikiria mishipa ya moyo, na wote watakimbilia upande huo. Neno TUMBO lazima liwepo, na jina kamili la aina ya upasuaji kama lilivyoandikwa kwenye barua yako ya kuruhusiwa. Lichukue humo humo, herufi kwa herufi. Liandike kwa lugha ambayo madaktari wa mahali unapoishi hujazia mafaili, hata kama si lugha unayoongea nyumbani. Bangili hii si ya kusomwa na wewe. Weka na mwaka, kwa sababu mshono wa wiki 3 na wa miaka 3 si kitu kimoja kwa anayeshika mpira mkononi.

Kibati cha kawaida kinabeba mistari minne au mitano mifupi. Mimi ningeipanga hivi, ukishazungumza na daktari wako:

BAIPASI YA TUMBO, na mwaka
USIPITISHE MPIRA PUANI BILA KAMERA
EPUKA DIKLOFENAKI, IBUPROFENI
KADI IPO KWENYE POCHI
namba ya simu ya mume wako

Utaniuliza, aspirini je? Iko kwenye orodha uliyopewa, najua. Lakini iangalie vizuri. Aspirini ni dawa ambayo mtu aliyeshikwa na mshtuko wa moyo hupewa mapema ili kuokoa uhai wake. Ukiichora kwenye chuma kama marufuku, unaweza siku moja kumfunga mikono daktari aliyeamua kwa haki kabisa kwamba moyo unatangulia kidonda cha tumbo. Muulize daktari wako, lakini mimi ningeiacha iende kwenye kadi, ambako kuna nafasi ya kusema "kwa uamuzi wa daktari tu". Ndiyo maana pia nimeandika EPUKA na si MARUFUKU.

La sukari ni hivyohivyo. Nimewahi kuona bangili imechorwa SUKARI HAPANA, kwa sababu mwenyewe akinywa vitamu anaugua. Fikiria bangili hiyo mkononi mwako siku ile ulipoanguka. Sukari uliyoihitaji, iliyokuwa dawa yako kwa dakika ile, ungekuwa umeikataza kwa maandishi. Usithubutu. Mateso ya sukari mdomoni ni kitu kimoja, na sukari ya kumwokoa mtu ambaye sukari yake ya damu imeporomoka ni kitu kingine.

Mengine yote yaende kwenye hiyo kadi ya pochi, ambayo karatasi yake unaweza kuibadilisha kila ukitoka kliniki bila kumlipa mchoraji. Andika jina la daktari wa upasuaji na simu ya kliniki, na dawa unazotumia sasa. Andika kwamba vidonge vinavyoachia dawa taratibu kwa saa nyingi huenda visikufae, maana njia yake ndani ya utumbo wako imefupishwa. Andika kwamba kipimo cha kunywa maji ya sukari, ambacho wajawazito hupewa kutafuta kisukari, kwako kinaweza kukuangusha na majibu yake yasitegemewe. Viko vipimo vingine vya damu. Na andika kwamba ukiwa umetapika siku kadhaa, wakupe vitamini B1 pamoja na dripu ya sukari au kabla yake, kwa sababu akiba ya vitamini hiyo huisha haraka kwa watu wa upasuaji huu, na sukari nyingi juu ya upungufu wake huweza kuumiza ubongo. Hili la B1 madaktari wanalijua, ila hulikumbuka upesi wakijua wanayemtibu ni nani.

Kuhusu simu, mume wako hajakosea kabisa. Simu nyingi siku hizi zina ukurasa wa dharura unaosomeka bila neno la siri, na kama hujaujaza, ujaze leo. Ila jiulize simu yako ilikuwa wapi siku ile. Ndani ya mkoba, nadhani, na mkoba chini ya meza. Simu huzimika, hupasuka, hubaki kwenye kiti cha gari. Mume wako naye hakuwepo pale, na halikuwa kosa lake. Sisi kwenye chumba cha dharura, mgonjwa asiyejibu akiletwa, tunashika kifundo cha mkono kutafuta mapigo na tunagusa shingo. Kwa hiyo kitu kiwe kwenye kifundo cha mkono au shingoni. Mkufu unafaa kama huipendi bangili. Kifundo cha mguu sikishauri. Soksi na viatu hukaa pale, na macho hayatangulii huko.

Tena kibati kiwe na ile alama ya fimbo na nyoka mmoja, ikiwezekana ndani ya nyota ya samawati yenye ncha sita. Kuna mapambo mazuri ya utambulisho yanayouzwa siku hizi, yanafanana na bangili nyingine yoyote hivi kwamba hata mimi ningeyapita. Kikiwa hakina alama, hakitageuzwa. Na hapo ndipo jibu la swali lako la faragha lilipo: alama ikae juu, maandishi yakae chini, upande unaogusa ngozi. Anayekupita ataona alama tu, na alama ile huvaliwa na mwenye kisukari, mwenye kifafa, mwenye mzio wa dawa, mwenye kifaa cha moyo. Haisemi tumbo. Kusoma kilichoandikwa, lazima mtu akushike mkono na kuugeuza, na hapo ni muuguzi ama ni wifi yako.

Nami nina kisa kimoja kuhusu aibu ya kuvaa vitu hivi. Mwaka 1953, huko Turlock, California, binti wa miaka 14 aitwaye Linda, mtoto wa daktari Marion Collins, alikaribia kufa baada ya kupewa kipimo kidogo tu cha dawa ya kuzuia pepopunda. Alikuwa na mzio mkali. Wazazi wake waliogopa kwamba siku akiumia mbali nao atapewa dawa ileile, wakawa wanambandika karatasi yenye maelezo kwenye koti. Binti alipokua na kwenda chuoni, karatasi ikaachwa, baba yake akamtengenezea bangili ya fedha iliyochorwa maneno hayo. Kutokana na bangili hiyo, mwaka 1956 familia ilianzisha taasisi ya MedicAlert, na mtindo huo ukaenea duniani. Nakupa habari hii kwa sababu bangili hizi hazikuanza kama alama ya kumtenga mgonjwa. Zilianza na mtoto aliyetaka kutoka nyumbani akaishi kama wenzake, na wazazi waliotaka arudi salama.

Wifi yako, basi. Huna deni la kumweleza tumbo lako. Lakini ulimwambia ni pambo, na uongo mdogo una kazi ya kuulisha kila siku. Safari nyingine mwambie lililo kweli na uishie hapo: "Wifi, ni bangili ya taarifa za afya. Kuna dawa ambazo mwili wangu hauzikubali, na nikizimia watajua wampigie nani." Hakuna neno la uongo humo. Akiuliza zaidi, sema, "Kaka yako anajua yote, usiwe na wasiwasi," kisha ubadilishe mazungumzo. Mume wako mpange mapema akuunge mkono kwa sentensi hiyohiyo. Nadhani anachokiogopa si bangili. Mwonyeshe barua yako hii, hasa pale penye maneno ya rafiki yako kitandani. Mtu aliyekuogesha wiki ya kwanza atayaelewa maneno yale.

Na rafiki yako? Mimi ningemwambia. Ofisi nzima haihitaji kujua, wala watu wa ratiba ya kutembea, ingawa naona jambo hilo linakukwaruza na siku moja utajua la kufanya nalo. Mwambie yeye peke yake, kwa sababu ndiye aliyekimbia nawe hospitali na ndiye atakayekimbia tena. Bangili ni sentensi nne za chuma. Haiwezi kumwambia daktari kwamba jana ulitapika au kwamba umekula nini saa mbili zilizopita. Mwambie mkiwa wawili, na umwambie pia kwamba hukumwona mwongo. Huenda bado anajiuliza kwa nini ulimtazama vile.

Kuhusu kipimo, bado unapungua au unakaribia kutulia, kwa hiyo usinunue mpya ya gharama sasa. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wako, uupime kwa rula, uongeze nafasi ya kidole kimoja kuingia chini yake. Ikizidi hapo itateleza, na bangili inayoteleza ndiyo huvuliwa wakati wa kufua na kusahauliwa. Aliye kwenye miezi ya kupungua kwa kasi afadhali avae ya mpira au ya kitambaa yenye kibati, inayokazwa. Ngozi ikiwasha chini ya chuma, huenda ni nikeli. Titani huvumilika zaidi. Ukiitwa kwenye kipimo cha picha cha sumaku utaambiwa uivue, na anayekusindikiza aishike yeye, isiingie mfukoni mwako.

Ile ya kwenye droo usiitupe. Ipeleke kwa sonara akupunguzie vipande vya mnyororo hadi ikukae, na umuulize kama kibati kina nafasi ya kuongeza maneno chini ya hilo BAIPASI lako. Kama hakina, abadilishe kibati tu, mnyororo ubaki. Ila miadi ya daktari itangulie kwa sonara, maana huko ndiko utakakojua neno kamili la kuchora.

Shangazi